Abayudaya: Funzo kwa wanaotaka kuzisaidia jamii za Wayahudi zilizotengwa

KATIKA kilima cha Nabugoye, karibu na mji wa Mbale mashariki mwa Uganda, jembe huwekwa chini Ijumaa jua linapotua na halishikwi tena hadi nyota zionekane Jumamosi jioni. Wakazi hawa si wageni waliohamia huko kutoka Ulaya au Mashariki ya Kati. Ni wakulima Waafrika wanaozungumza Luganda, Lugwere, Lusoga na Lugisu, na wamekuwa wakifuata dini ya Kiyahudi kwa zaidi ya miaka 100.

Hao ndio Abayudaya, jina ambalo kwa Luganda lina maana ya Wayahudi. Idadi yao inakadiriwa kuwa zaidi ya watu 2,000, waliotawanyika katika vijiji kama Nabugoye, Namanyonyi, Nasenyi na Putti.

Jamii kama hii zipo katika pembe nyingi za dunia: Ghana, Nigeria, Zimbabwe, Madagascar, India na hata humu nchini Kenya. Baadhi huamini kwamba ni wazao wa makabila ya kale ya Israeli. Nyingine, kama Abayudaya, ziliingia katika dini hiyo kwa kusoma maandiko na kuamua. Zote zinaishi mbali na vituo vikuu vya Wayahudi wenzao, na nyingi ni maskini.

Katika miongo ya karibuni mashirika kadhaa, hususan ya Marekani, yamejitokeza kuzisaidia. Moja ni Kulanu, lililoanzishwa mwaka 1994, na ambalo jina lake la Kiebrania lina maana ya "sisi sote". Jingine ni Be'chol Lashon, lenye makao yake California. Swali linalozuka ni hili: je, msaada wa namna gani huiimarisha jamii ndogo, na wa namna gani huidhoofisha? Historia ya Abayudaya inatoa majibu yaliyo wazi kuliko nyingi nyingine.

Jemadari aliyegeuka

Mwanzilishi wa jamii hiyo alikuwa Semei Kakungulu, jemadari Mganda aliyewasaidia Waingereza kuitwaa sehemu kubwa ya mashariki mwa Uganda mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20. Kakungulu alitarajia kutawazwa kuwa mfalme wa eneo alilolitwaa. Waingereza hawakumpa cheo hicho, na uhusiano wao ukaharibika.

Alijiunga kwanza na Wamalaki, madhehebu ya Kikristo yaliyokataa matumizi ya dawa na kuitukuza Jumamosi kama Sabato. Kadiri alivyozidi kuisoma Biblia ndivyo alivyozidi kushikamana na vitabu vitano vya Musa. Inasimuliwa kwamba aliposisitiza amri ya tohara, wenzake walimwambia kuwa hiyo ni desturi ya Wayahudi, naye akajibu kuwa basi yeye ni Myahudi. Mwaka 1919 alitahiriwa pamoja na wanawe, akajitenga na wafuasi wake huko Gangama, chini ya Mlima Elgon.

Ikumbukwe kwamba wakati huo hapakuwa na mmishonari wa Kiyahudi, wala shule, wala fedha kutoka ng'ambo. Jamii ilianzishwa na wenyeji kwa kusoma na kujadiliana wenyewe. Mnamo 1922 Kakungulu alichapisha kwa Luganda kitabu cha sala na kanuni kwa ajili ya wafuasi wake.

Msaada wa kwanza uliowafikia haukuwa pesa. Mwaka 1920 Myahudi mmoja mgeni, anayekumbukwa kwa jina moja tu la Yosef, aliishi nao kwa takriban miezi sita. Aliwafundisha kalenda ya sikukuu, namna ya kuchinja na sala za Kiebrania. Yosef aliondoka zake, lakini alichofundisha kilibaki. Kakungulu alipofariki mwaka 1928, jamii iligawanyika na wengi wakarejea katika Ukristo, ila waliobaki waliendelea kuyafuata mafundisho hayo.

Miaka ya giza

Pigo kubwa zaidi lilikuja wakati wa utawala wa Idi Amin. Amin aliwafukuza Waisraeli nchini mwaka 1972, na uvamizi wa makomando wa Israel katika uwanja wa ndege wa Entebbe mnamo Julai 1976 ukazidisha uhasama. Dini ya Kiyahudi ilipigwa marufuku na masinagogi yakafungwa. Waumini wengi waliingia Ukristo au Uislamu ili kunusuru maisha yao. Inakadiriwa kwamba walibaki watu 300 hivi, waliosali kwa siri.

Kampala ilitwaliwa na majeshi ya Tanzania na wapiganaji wa Uganda tarehe 11 Aprili 1979. Jioni ya siku hiyohiyo Wayahudi kote duniani walikuwa wakiingia katika Pasaka, sikukuu ya ukombozi kutoka utumwani. Hadi leo Abayudaya huyakumbuka matukio hayo mawili kwa pamoja.

Katika miaka ya 1980 kundi la vijana, miongoni mwao Joab Jonadab Keki na Gershom Sizomu, lilianza kuwakusanya waumini waliotawanyika na kuirejesha ardhi ya Nabugoye. Kwa mara nyingine tena, kazi ilianza kwa mikono ya wenyeji. Wageni walipofika kwa wingi miaka iliyofuata walikuta nyumba ambayo tayari ilikuwa na msingi.

Uzito wa kuwa peke yao

Ili kufahamu ni msaada gani unaohitajika, ni muhimu kuelewa kwa nini upweke ni mzigo mzito katika dini hii. Sala kadhaa za Kiyahudi haziwezi kusomwa bila kuwapo watu wazima 10. Familia tatu zilizo peke yao kijijini huenda zisiifikie idadi hiyo. Nyama haifai kuliwa ila mnyama awe amechinjwa na mtu aliyefunzwa kanuni zake. Kalenda hufuata mwandamo wa mwezi na huongezewa mwezi mmoja mara saba katika kila miaka 19. Asiye na mwalimu hujikuta akifunga na kufungua kwa siku zisizo zake.

Kisha kuna hati ya Torati inayosomwa katika sinagogi. Hati hiyo huandikwa kwa mkono juu ya ngozi ya mnyama halali, ikiwa na herufi 304,805, na kosa la herufi moja huizuia kutumika hadi lisahihishwe. Mwandishi huchukua takriban mwaka mzima kuimaliza, na bei yake hufikia makumi ya maelfu ya dola. Hakuna kijiji cha wakulima wadogo kinachoweza kuimudu. Kwa sababu hiyo, sinagogi kongwe la ng'ambo linapotoa hati liliyo nayo ya ziada, huwa limetoa kitu ambacho jamii changa isingeweza kukipata kwa njia nyingine.

Sabato nayo ina gharama zake. Shule na vyuo vingi Afrika Mashariki huendesha masomo au mitihani siku ya Jumamosi. Mnamo 2006 Mahakama ya Juu ya Uganda iliikataa rufaa ya wanafunzi Waadventista wa Chuo Kikuu cha Makerere waliolalamikia masomo na mitihani ya Jumamosi. Wanafunzi hao hawakuwa Wayahudi, lakini uamuzi huo unawagusa wote wanaoitunza siku hiyo. Mtoto wa jamii ndogo anaweza kulazimika kuchagua kati ya cheti na imani ya wazazi wake.

Elimu kwanza

Kwa mantiki hiyo, si ajabu kwamba miongoni mwa misaada iliyozaa matunda zaidi ni ile ya shule. Abayudaya wana shule ya msingi ya Hadassah na shule ya upili iliyopewa jina la Semei Kakungulu. Fedha za wafadhili zimesaidia madarasa, chakula na karo. Mtoto husoma mtaala wa taifa na hapati adhabu kwa kuitunza Sabato.

Shule hizo huwapokea pia watoto wa Kikristo na Kiislamu. Jambo hili lina uzito wake. Jamii ya watu 2,000 iliyozungukwa na majirani wa dini nyingine haiwezi kuishi kwa amani ikiwa neema kutoka ng'ambo inaishia mlangoni mwake. Jirani anayemwona mwenzake akijengewa shule huku mwanawe akibaki chini ya mti atakuwa na kinyongo, na kinyongo hicho ndicho kinachogeuka kuwa chuki siasa zikichacha.

Kituo cha afya cha Tobin, kilichofunguliwa Mbale mwaka 2010 kwa msaada wa Be'chol Lashon, kinafuata mwongozo huohuo. Huwahudumia wagonjwa wa dini zote. Ugonjwa wa malaria haumuulizi mtu anasali siku gani, wala kituo hicho hakiulizi.

Pamoja na shule za watoto, palihitajika kumwandaa kiongozi. Gershom Sizomu alifadhiliwa kusomea urabi katika chuo cha Ziegler mjini Los Angeles, akahitimu na kutawazwa mwaka 2008. Wafadhili wangeweza kumtuma rabi Mmarekani akakae Mbale miaka michache kisha arudi kwao. Badala yake walimsomesha mwenyeji anayezijua lugha na koo za watu wake. Aliporejea alianza kuwafundisha wengine, wakiwemo wanafunzi kutoka nchi nyingine za Afrika.

Mnamo 2016 wapiga kura wa Bungokho Kaskazini, ambao wengi wao si Wayahudi, walimchagua Rabi Sizomu kuwa mbunge, wadhifa alioushikilia hadi 2021. Mwaka huohuo wa 2016 sinagogi jipya la Stern lilifunguliwa Nabugoye.

Kahawa na nyimbo

Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Methali hii humhusu mgeni, lakini inaweza kugeuzwa ikamhusu mfadhili pia: msaada wa siku zote unapaswa kumwachia mwenyeji jembe la kujilimia.

Mfano bora ni chama cha ushirika cha Mirembe Kawomera, jina la Luganda lenye maana ya amani tamu. Joab Jonadab Keki alikuwa New York tarehe 11 Septemba 2001 majumba pacha yaliposhambuliwa. Aliporudi nyumbani aliwashawishi majirani zake Wakristo na Waislamu waungane na Wayahudi katika kuuza kahawa inayostawi kwenye miteremko ya Mlima Elgon. Ushirika ulianzishwa mwaka 2004. Kulanu ilisaidia kutafuta mnunuzi, na kampuni ya Thanksgiving Coffee ya California ikakubali kuinunua kahawa hiyo kwa bei ya biashara ya haki.

Tofauti yake na sadaka ni bayana. Mkulima hakuomba, aliuza. Kilichokosekana Mbale hakikuwa kahawa wala bidii, bali mtu wa kufungua mlango wa soko. Aidha, mamia ya familia za dini tatu ziliingia katika biashara moja, na ustawi wa Myahudi ukawa pia faida ya jirani yake.

Utamaduni nao ni mali. Abayudaya huimba Zaburi kwa Luganda na Kiebrania kwa lahani za Kiafrika walizozibuni wenyewe. Mwaka 2003 kampuni ya Smithsonian Folkways ilitoa albamu ya nyimbo hizo, na mnamo 2005 ikawa miongoni mwa zilizoteuliwa kuwania tuzo ya Grammy. Walimu wa kigeni wangeweza kwa urahisi kuzifuta lahani hizo na kuleta za Poland au Ujerumani kwa imani kwamba ndizo za Kiyahudi hasa. Kumfunza mtu dini yake hakulazimu kumnyang'anya sauti yake.

Kutambuliwa

Hata hivyo, lipo hitaji ambalo fedha haziwezi kulinunua, nalo ni kutambuliwa. Mnamo Februari 2002 baraza la marabi wa mkondo wa Conservative, unaoshika njia ya kati baina ya Waorthodoksi na wanamageuzi, lilifika Uganda na kuwapokea rasmi takriban watu 400. Suala hilo lilizua mjadala. Baadhi ya wazee waliuliza kwa nini wapokelewe upya katika dini ambayo wazazi wao waliifuata tangu 1919 na kuteswa kwa ajili yake wakati wa Amin. Waumini wa Putti nao walichagua kufuata mkondo wa Kiorthodoksi.

Mgawanyiko huo unaonyesha hatari moja ya msaada. Wafadhili huja na mikondo yao, na tofauti za New York na Jerusalem zinaweza kupandwa katika kijiji ambacho hakikuwa nazo. Anayetaka kusaidia hana budi kujiuliza kama anaiunganisha jamii au anaigawa.

Mwaka 2016 shirika la Jewish Agency, linaloshughulikia uhamiaji wa Wayahudi kwenda Israel, liliwatambua Abayudaya kuwa jamii ya Kiyahudi. Lakini mnamo 2018 Wizara ya Mambo ya Ndani ya Israel ilikataa ombi la mmoja wao la kuhamia huko chini ya Sheria ya Kurejea ya mwaka 1950, na suala hilo likafikishwa mahakamani. Kutambuliwa, basi, si jambo moja: mtu anaweza kukubaliwa na sinagogi la Chicago na akakataliwa na karani wa uhamiaji.

Kutambuliwa vilevile hakumaanishi kuhama. Hata anayekusudia kuishi na kuzikwa Mbale anahitaji kujua kwamba bintiye akienda kusoma ng'ambo atakaribishwa katika sala kama Myahudi, wala hatahojiwa mlangoni kwa sababu ya rangi yake. Msaada wa aina hii haugharimu senti. Huhitaji marabi na viongozi walio tayari kusema hadharani kuwa hawa ni ndugu zao.

Ilivyo kwingineko

Kila jamii ina historia yake, na dawa ya mmoja huenda isimfae mwingine. Beta Israel wa Ethiopia walitambuliwa mwaka 1973 na Rabi Ovadia Yosef, aliyekuwa rabi mkuu wa Wasefaradi wa Israel. Mnamo Mei 1991, vita vilipoukaribia mji wa Addis Ababa, ndege za Israel ziliwasafirisha zaidi ya watu 14,000 katika muda usiofika siku mbili. Kwao msaada mkuu ulikuwa kuokolewa. Bnei Menashe wa majimbo ya Manipur na Mizoram, kaskazini mashariki mwa India, walikubaliwa na rabi mkuu wa Wasefaradi mwaka 2005 kuwa wazao wa Israeli, na maelfu yao wamehamia Israel. Huko Madagascar, watu 121 walipokelewa rasmi katika Uyahudi mnamo 2016, na kwa jamii changa kama hiyo haja kubwa ni vitabu na walimu.

Nchini Kenya ipo jamii ndogo ya wakulima wa Kasuku, Kaunti ya Nyandarua. Chanzo chao ni kundi lililochanganya imani ya Kikristo na desturi za Kiyahudi. Walipotambua tofauti kati ya dini hizo mbili, baadhi yao walijitoa wakafuata Uyahudi, na Abayudaya ni miongoni mwa waliowasaidia kujifunza. Waliokuwa wakifundishwa jana ndio wanaofundisha leo. Mwalimu wa Mbale anaweza kufika Nyandarua kwa basi, pasipo tiketi ya ndege wala mkalimani, na ametoka katika hali kama yao.

Nairobi yenyewe ina sinagogi, lililoanzishwa na walowezi wa Kiyahudi mapema katika karne ya 20. Muda mfupi kabla ya hapo, mwaka 1903, serikali ya Uingereza ilikuwa imependekeza Wayahudi wapewe ardhi katika nyanda za Uasin Gishu, pendekezo ambalo kongamano la Wazayuni lililikataa mwaka 1905. Hakuna aliyewauliza wenyeji wa Uasin Gishu. Mpango huo uliotoka juu haukuacha jamii yoyote, ilhali Uyahudi uliochipuka wenyewe upande wa pili wa Mlima Elgon bado upo.

Mambo ya kuzingatia

Kutokana na mifano hii, mtu au shirika linalotaka kusaidia linaweza kuongozwa na mambo machache. La kwanza ni kuisikiliza jamii kabla ya kuipangia. Huenda mfadhili akataka kujenga sinagogi lenye jina lake ukutani wakati wenyeji wanahitaji kisima au mshahara wa mwalimu.

La pili ni hesabu. Mali bila daftari hupotea bila habari. Fedha zikipitia mikononi mwa mtu mmoja, hata awe mwadilifu kiasi gani, huzua minong'ono na kuwatenganisha ndugu. Kamati yenye wanawake na vijana, na hesabu zinazosomwa mbele ya wote, huilinda jamii na pia humlinda kiongozi wake.

La tatu ni subira. Pesa zinapoonekana, watu hujiunga kwa sababu ya pesa. Wakuzaji wa imani hawapaswi kupima mafanikio kwa idadi ya waliopokelewa, bali kwa idadi ya wale wanaoendelea kufunza watoto wao baada ya wageni kuondoka.

Abayudaya walidumu miaka ya Amin bila mfadhili hata mmoja. Wale 300 walikuwa na kalenda, sala na Zaburi walizozihifadhi vichwani. Shule, zahanati na soko la kahawa vimeyarahisisha maisha ya wajukuu wao, lakini pindi milango ya nje itakapofungwa tena, kitakachowabakisha ni kile wanachoweza kukifanya wenyewe. Msaada unaofaa ni ule unaokiongeza hicho.